Mjomba anauliza: nakala ya kwanza ya Biblia iko wapi?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni Mwanglikana kutoka Newala, na wakati wa msimu wa korosho huwa karani katika chama chetu cha msingi. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilea na kunisomesha, ni Mwislamu, na tunaheshimiana sana. Juzi baada ya kula aliniuliza kwa upole kwa nini ninaiamini Biblia, ilhali imebadilishwa mara nyingi, nakala yake ya kwanza haipo, na vitabu vinne vya Injili havikubaliani. Sikuwa na jibu isipokuwa kwamba nimelelewa hivyo. Je, zipo sababu za kuiamini Biblia kuwa ni kweli ambazo naweza kumweleza mtu mzima mwenye akili zake bila kumvunjia heshima? Na mifupa ya mijusi wakubwa wa kale iliyochimbwa Tendaguru, kule Lindi, tuiweke wapi? Na mimi mwenyewe nianzie kusoma wapi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako imenikuta hapa Masasi, na jambo la kwanza lililonigusa ni kwamba mjomba ameuliza kwa upole na wewe umelichukua swali lake kwa uzito. Katika makabila yetu ya kusini, ambako ukoo huhesabiwa upande wa mama, neno la mjomba haliwekwi kando kama neno la mpita njia, kwa hiyo sitakupa majibu ya kumshinda. Nitakupa sababu ambazo mimi mwenyewe ninazitegemea, pamoja na mahali zinapoishia, ili mkikaa tena uweze kuzungumza naye bila kuongeza chumvi.

Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo wengi huyatumia kana kwamba ni moja. Kusadiki ni kukubali kwamba habari fulani ni ya kweli. Kuamini kumebeba zaidi ya hapo, maana neno hilo ni ndugu wa amana na uaminifu, na ndani yake mna kumtegemea mtu kiasi cha kumkabidhi kilicho chako. Unaweza kusadiki kwamba mnunuzi fulani ana fedha, na bado usimwamini na korosho zako. Maswali ya mjomba yanahusu kwanza kusadiki: je, habari hizi zimetufikia salama, na waliozitoa walikuwa mashahidi wa kutegemewa? Mambo hayo yanachunguzika kama habari yoyote ya kale inavyochunguzika, na hayamdai mtu awe Mkristo kwanza ndipo ayaone.

Kuhusu nakala ya kwanza, mjomba amesema kweli, na ukizungumza naye anza kwa kukubali hivyo. Hatuna ukurasa wowote ambao Isaya, Luka au Paulo aliushika kwa mkono wake, kwa sababu mafunjo, yaani karatasi za matete, na ngozi walizoandikia huoza, huliwa na wadudu na kuungua. Lakini hali hiyo haiihusu Biblia peke yake. Chukua historia ya Kilwa, ambayo sisi watu wa Lindi na Mtwara tunajivunia kwa haki. Habari za masultani wake zilitungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na nakala ya Kiarabu ambayo wanahistoria wanaitumia, iliyoko London, ilinakiliwa Unguja mwaka 1877. Maandishi ya mtungaji mwenyewe hayapo. Je, tuitupe historia hiyo? Hakuna mwanahistoria anayefanya hivyo, wanaipima. Mreno João de Barros alichapisha mwaka 1552 habari za masultani haohao kutoka katika nakala nyingine. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye historia ile inamtaja, na sarafu za shaba zenye jina lake zimeokotwa Kilwa, na moja hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Shahidi akionekana msema kweli pale tunapoweza kumkagua, hustahili kusikilizwa kwa makini pale tusipoweza. Kanuni hiyohiyo ndiyo ninayoitumia kwa Biblia, wala sikuilegeza kwa kuwa ni kitabu cha dini yangu.

Jambo linalofuata wewe karani utalielewa kuliko wachungaji wengi. Siku ya kupima, mkulima anashusha gunia, mpimaji anasoma mizani, nawe unaandika stakabadhi juu ya karatasi ya kaboni ili nakala moja achukue mkulima, nyingine iende ghalani na nyingine ibaki daftarini. Sasa tuseme nakala ya mkulima imelowa jasho mfukoni na tarakimu ya mwisho haisomeki vizuri: ni kilo 63 au 68? Hakuna anayesema kwamba uzito wa gunia lile umepotea milele. Unafungua daftari, unamtuma mtu ghalani, unalinganisha, na ndani ya nusu saa mambo yameisha. Kama kungekuwa na nakala moja tu, tofauti isingeonekana kabisa, lakini kosa likiwamo lisingesahihishika pia. Nakala zikiongezeka, tofauti zinazohesabika huongezeka, na papo hapo uhakika wa maneno ya awali nao huongezeka.

Ndivyo ilivyo kwa Agano Jipya. Watu wakisikia kwamba nakala zake zina tofauti zinazofikia mamia ya maelfu, hushtuka, na aghalabu hawaambiwi kwamba hesabu hiyo ni kubwa kwa sababu nakala zenyewe ni nyingi mno. Nakala za Kigiriki pekee zilizoorodheshwa ni zaidi ya 5,000, baadhi vipande vidogo na baadhi vitabu vizima, mbali na zile za Kilatini, Kisiria na Kikopti. Sehemu kubwa sana ya tofauti hizo ni tahajia, mpangilio wa maneno, au mnakili aliyeruka mstari kwa kuwa macho yamechoka. Chache zinagusa maana, na chache zaidi ni kubwa. Mistari 12 ya mwisho ya Marko, kuanzia 16:9, haimo katika vitabu viwili vikongwe kuliko vyote vyenye Injili hiyo nzima. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, katika Yohana 8, hakimo katika nakala za kale zaidi. Biblia nyingi za siku hizi huziweka sehemu hizo katika mabano au huzitolea maelezo chini ya ukurasa. Mwonyeshe mjomba maelezo hayo wewe mwenyewe kabla hajayasikia kwa mtu mwingine. Anayeficha jambo haandiki maelezo chini ya ukurasa.

Kwa upande wa Agano la Kale, mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1947. Biblia nzima ya Kiebrania iliyo kongwe kuliko zote zilizopo leo ilinakiliwa karibu na mwaka 1008, nayo inatunzwa St Petersburg, na hadi wakati huo mtu aliweza kuuliza kwa haki kabisa ni mambo mangapi yalibadilishwa katika karne zote zilizotangulia. Kisha wachungaji wa mifugo wakaingia katika pango huko Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, wakakuta mitungi yenye magombo. Mojawapo lilikuwa gombo la Isaya, ngozi 17 zilizoshonwa pamoja, urefu wake unapita mita 7, likiwa na safu 54 za maandishi na sura zote 66. Liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa kwa Yesu, yaani liliitangulia ile nakala ya 1008 kwa takriban miaka 1,100. Wataalamu walipolinganisha, walikuta ni Isaya yuleyule. Tahajia ilitofautiana mahali pengi, maneno yalitofautiana hapa na pale, na tofauti chache zilikuwa na maana hasa. Katika 53:11, kwa mfano, gombo linasema ataona «nuru», neno ambalo halimo katika Kiebrania cha baadaye bali limo katika tafsiri ya kale ya Kigiriki. Sura ya 53 nzima, inayomsema mtumishi aliyejeruhiwa kwa makosa ya wengine, imo humo. Ndugu zetu Wayahudi wanaielewa tofauti na sisi, lakini hakuna tena anayeweza kusema kwamba Wakristo waliitunga baada ya msalaba.

Kuna sehemu moja ya gombo hilo ambayo huwaonyesha wanafunzi wangu katika picha. Ni sura ya 40. Maneno «majani yakauka, ua lanyauka» yanatokea mara mbili karibu karibu, katika mstari wa 7 na wa 8, na mnakili alipoyaandika mara ya kwanza jicho lake liliruka hadi mara ya pili, akayaacha yote yaliyokuwa katikati. Mkono mwingine, wenye mwandiko tofauti, ulirudi baadaye ukayaandika yaliyorukwa: ulianza juu ya mstari, nafasi ikaisha, ukayateremsha maneno pembeni mwa safu kuelekea chini. Ukiiangalia picha ile unaona wazi kosa la mwanadamu aliyechoka, na unaona wazi mtu mwingine aliyekuwa na nakala ya kulinganishia. Hivi ndivyo Maandiko yalivyotufikia: kwa mikono ya watu wanaokosea, mbele ya watu wengine wanaokagua.

Nisikufiche kwamba mapango yaleyale yalileta pia mambo magumu. Kitabu cha Yeremia kilikutwa humo katika maumbo mawili, moja likiwa karibu na lile refu tulilonalo, na jingine likikubaliana na Yeremia wa Kigiriki, ambaye ni mfupi kwa takriban sehemu moja ya nane na mpangilio wake ni tofauti. Anayesema kwamba hakuna hata nukta iliyowahi kutofautiana, na aende akasome Yeremia. Ninachosema mimi ni kidogo kuliko hicho, nacho nina hakika nacho: hakuna fundisho la imani yetu, wala sehemu kubwa ya masimulizi, ambalo hatujui lilisema nini kwa sababu ya unakili.

Huenda mjomba ana maana kwamba Injili ilibadilishwa kwa makusudi, na kwamba ile iliyokuwapo zamani siyo hii. Hapa umweleze mambo mawili kwa adabu. Agano Jipya zima la Kigiriki limo katika kitabu kilichotunzwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, ambacho sehemu yake kubwa sasa iko London, na sehemu kubwa sana ya Agano Jipya imo katika kitabu kingine kilichoko Vatikani. Vyote viwili ni vya karne ya 4, yaani vilikuwapo zaidi ya miaka 200 kabla ya Hijra ya mwaka 622, na ukivisoma unakuta Mathayo, Marko, Luka na Yohana tunaowajua. Injili waliyoisoma Wakristo wa siku za Mtume Muhammad ndiyo hii tunayoisoma sisi. La pili, kufikia wakati huo nakala zilikuwa zimetapakaa Misri, Siria, Roma na Uhabeshi, katika lugha kadhaa, mikononi mwa makanisa yaliyogombana vikali juu ya mafundisho. Nani angezikusanya zote, azibadilishe kwa namna moja, na mahasimu wake wanyamaze?

Kongwe kuliko vitabu hivyo ni kipande cha mafunjo kilichoko Manchester, Uingereza, kilichonunuliwa Misri mwaka 1920. Kinaenea kwenye kiganja, sentimita 9 kwa 6 hivi, kimeandikwa pande zote mbili, na wataalamu wengi hukiweka katika karne ya 2. Kina vipande vya maneno ya Yohana 18, Yesu akiwa mbele ya Pilato, ikiwamo sehemu ya mistari ile ambamo Pilato anauliza, «Kweli ni nini?» Ni kitu kidogo, na nisingejenga nyumba juu yake, lakini kinaonyesha kwamba Injili ya Yohana ilikuwa inasomwa Misri mapema hivyo.

Kuhusu tafsiri niseme kwa kifupi, maana nasikia mara nyingi vijiweni kwamba Biblia yetu ni tafsiri ya tafsiri iliyotoka kwenye Kiingereza. Askofu Edward Steere, ambaye mwaka 1876 aliwaleta watu waliokombolewa utumwani hapa Masasi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaweka Maandiko katika Kiswahili cha Unguja, na tangu wakati wake tafsiri imerudiwa tena na tena. Ile ya Muungano tunayoisoma makanisani ilitoka mwaka 1952. Watafsiri wanaofuata hawarundiki tafsiri juu ya tafsiri. Wanarudi kwenye Kiebrania na Kigiriki, kwa hiyo umbali kati ya Luka na wewe hauongezeki kila tafsiri mpya inapotoka.

Sasa Injili nne. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mjumbe wa baraza la kata, na kesi nyingi zilikuwa za mipaka ya mashamba ya mikorosho. Katika mojawapo walikuja mashahidi watatu, na kila mmoja alisema kwamba mpaka ulipita kwenye mkorosho wenye kovu mkabala na kichuguu, kwa maneno yaleyale, kwa mfuatano uleule, hata pale walipokohoa palifanana. Baadaye akaja bibi mmoja aliyesema kwamba alikuwa anatoka kisimani siku mpaka ulipowekwa, kwamba waliokuwapo walikuwa wanne na si watano, na kwamba kovu lilikuwa kwenye mkorosho wa pili. Tulikwenda shambani. Kovu tulilikuta kwenye mkorosho wa pili, gome limelikumbatia pande zote kwa uzee, na ule wa kwanza ulikuwa na jeraha jipya la panga. Tangu siku hiyo sijaogopa tofauti ndogo kati ya mashahidi.

Mathayo anamtaja malaika mmoja kaburini, Luka anataja watu wawili wenye nguo za kumetameta, Marko kijana mmoja, na Yohana anaanza na Mariamu Magdalene kana kwamba alikuwa peke yake. Tofauti hizo zipo na sizifuti. Lakini wote wanne wanasema ilikuwa siku ya kwanza ya juma, kaburi lilikuwa wazi na mwili haumo, na wa kwanza kulikuta hivyo ni mwanamke, au wanawake, Mariamu Magdalene akiwamo. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Yusufu, mwanahistoria Myahudi wa karne ileile ya kwanza, ambaye kwa Kilatini huitwa Josephus, anaandika kwamba ushahidi wa wanawake usipokelewe. Mtu anayetunga kisa ili aaminiwe na watu wa wakati ule angemtanguliza Petro au Yohana, wala asingewapa wanawake nafasi ya kwanza. Na Petro mwenyewe, nguzo ya kanisa, anaonekana akimkana Bwana wake mbele ya kijakazi. Ndugu zake Yesu wanaonekana hawamwamini. Wanafunzi wote wanakimbia. Kanisa lilikuwa na kila sababu ya kuyaacha mambo hayo, nalo likayaandika.

Halafu uangalie ni muda gani ulipita. Paulo aliwaandikia Wakorintho barua ya kwanza karibu na mwaka 55, yapata miaka 25 hivi baada ya kusulubiwa. Tunaweza kuikadiria tarehe hiyo kwa sababu Matendo 18 inasema Paulo alishtakiwa Korintho mbele ya liwali Galio, na maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi, Ugiriki, yanamweka Galio katika cheo hicho karibu na mwaka 51 au 52. Katika barua hiyo, sura ya 15, Paulo anataja orodha ya waliomwona Yesu akiwa hai, orodha ambayo anasema yeye mwenyewe aliipokea, na anaongeza juu ya wale ndugu zaidi ya mia tano: «katika hao wengi wanaishi hata sasa.» Ni sawa na kusema, nendeni mkawaulize.

Ili uone miaka 25 ni kitu gani, muulize mjomba alikuwa wapi tarehe 14 Oktoba 1999, siku Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapa Masasi, alipolitangazia taifa kwamba Mwalimu Nyerere amefariki. Atakwambia alikuwa wapi, nani alikuwa na redio, na nani alilia. Mtu akija leo Newala na kusema kwamba Mwalimu hakufa mwaka ule, au kwamba alizikwa Mtwara, hatamaliza sentensi kabla wazee hawajamkatiza. Wakristo wa kwanza walihubiri Yerusalemu, mjini palepale, mbele ya watu wenye kumbukumbu za namna hiyo, na wengi wao wakiwa wapinzani.

Kuhusu vitu vilivyochimbuliwa ardhini, mengi yameandikwa na mengine yametiliwa chumvi, kwa hiyo nitachukua kisa kimoja tu ninachokiona bora. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliivamia Yuda. Tuna maelezo ya pande zote mbili. Upande wa Ashuru yako kwenye vipande vya udongo vilivyochomwa, ambamo Senakeribu anajisifu kwamba alimfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege kwenye tundu, na kwamba alimtoza talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Upande wa Yuda ni 2 Wafalme 18, unaosema talanta 30 za dhahabu na 300 za fedha. Dhahabu inalingana sawasawa. Fedha hailingani, na kila mtu aliyewahi kusuluhisha hesabu kati ya mnunuzi na muuzaji anajua tofauti za namna hiyo hutokeaje. Jambo kubwa zaidi ni lile ambalo Senakeribu halisemi. Hasemi kwamba aliutwaa mji. Katika kasri lake huko Ninawi alichonga kuta nzima kuonyesha alivyouteka mji wa Lakishi, na Yerusalemu haumo katika ushindi huo, kama Biblia inavyosema kwamba hakuuingia. Na mwandishi wa Biblia hamtetei mfalme wake: anaeleza kwamba Hezekia, mfalme mwema kuliko wengi, alibandua dhahabu kwenye milango ya hekalu ili alipe. Wafalme wa zama zile waliwalipa waandishi wawasifu. Vitabu vya Wafalme vinaandika aibu za nyumba ya Daudi kizazi baada ya kizazi, na hilo kwangu ni alama ya mashahidi walioogopa kitu kikubwa kuliko mfalme.

Jiwe lenye jina la Pontio Pilato lilipatikana Kaisaria mwaka 1961, na ni zuri kulijua. Lakini ukimwonyesha mjomba picha yake usimwambie kwamba limethibitisha Injili. Limethibitisha kwamba Pilato alikuwa mtawala wa Uyahudi chini ya Kaisari Tiberio, jambo ambalo hata Tasito, mwanahistoria Mrumi asiyewapenda Wakristo, alikuwa amekwisha kuandika alipotaja kuuawa kwa Kristo.

Yako pia maswali ambayo bado ni mazito. Luka anaiweka sensa ya Kirenio, liwali wa Siria, wakati wa kuzaliwa kwa Yesu, naye Mathayo anasema Yesu alizaliwa siku za Herode. Lakini Yusufu anaiweka sensa ya Kirenio mwaka 6 baada ya Kristo, na wanahistoria wengi wanakubali kwamba Herode alifariki mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Yamependekezwa majibu kadhaa, na hakuna hata moja linaloniridhisha kikamilifu. Siiachi Biblia kwa sababu hiyo, kama nisivyoitupa historia ya Kilwa kwa miaka ya sultani mmoja isiyopatana, ila sitaki mjomba asikie kwamba nililijua hilo nikalinyamazia. Ama mifupa ya Tendaguru, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa mabegani na watu wetu hadi bandari ya Lindi na sasa iko Berlin, wanasayansi wanaipa umri wa takriban miaka milioni 150, nami sina ugomvi nao. Mwanzo 1 haitaji umri wa dunia popote. Wakristo wenzangu wengine wanaifasiri sura hiyo tofauti na mimi, na ninawaheshimu, lakini naona tunaikosea tunapoilazimisha kujibu swali ambalo haikuulizwa. Inasema nani aliyeumba, na kwamba aliona ni vyema.

Sasa turudi kwenye yale maneno mawili. Haya yote yakichukuliwa pamoja yananipa sababu za kutosha za kusadiki kwamba Maandiko yamenifikia salama, na kwamba walioyaandika walikuwa watu wa kweli waliosema waliyoyaona na kuyapokea. Hayanilazimishi kuamini kwamba Yesu alifufuka. Hakuna jiwe wala gombo linaloweza kufanya hivyo, na Mkristo anayedai kwamba lipo anamdanganya jirani yake kwa nia njema. Mimi naamini kwa kuwa, baada ya kuwakagua mashahidi hawa mahali pote nilipoweza, niliona itanibidi nitoe sababu ya kuwakatalia katika jambo moja kuu walilolifia baadhi yao, na sikuipata. Na kwa kuwa Kristo ninayemkuta katika kurasa hizo amenikosoa, amenisamehe na kunishika kwa miaka mingi, jambo ambalo siwezi kumkabidhi mjomba kama stakabadhi, ila naweza kulishuhudia. Yeye naye ana imani yake aliyoifikia kwa uzito. Mwache aulize tena.

Uliuliza uanzie wapi. Anza na Luka, na ukipenda uwe na Biblia ya Muungano upande mmoja na Habari Njema upande wa pili, kwa kuwa ya kwanza ina Kiswahili cha heshima na ya pili itakusaidia pale sentensi inapokuwa ngumu. Sura ni 24. Sura moja kila jioni, msimu wa kupima ukiwa haujaanza, utamaliza ndani ya mwezi, kisha uendelee na Matendo, ambacho ni kitabu cha pili cha mwandishi huyohuyo. Kabla ya yote soma mistari minne ya kwanza polepole. Luka anasema humo kwamba wengi walikwisha kuandika, kwamba habari zilitoka kwa walioyaona mambo kwa macho yao tangu mwanzo, na kwamba yeye «amejitafutia usahihi» wa yote kabla ya kumwandikia Theofilo, ili mtu huyo «apate kujua hakika» ya aliyofundishwa. Mjomba akiwa tayari, msomee mistari hiyo kwa sauti, nyote wawili mkiwa mmekaa, kisha umuulize yeye anaonaje madai ya mwandishi huyu.